Fundi wa Gitaa na Wimbo wa Mama

Sitalitaja jina lake. Si kwa heshima, hapana. Maisha yake yote alilalamika kwamba hakuna santuri hata moja iliyowahi kuliandika, na mimi sitakuwa wa kwanza kumpa raha hiyo. Kitale tulimwita Fundi, Bungoma walimwita Fundi, basi na hapa atakuwa Fundi. Mtu akimsomea haya, atajijua.

Utamtambua kwa koti. Jua kali la Januari, mvua ya Aprili, Fundi yuko ndani ya koti la suti, kifungo kimoja kimefungwa. Mimi nauza mitumba soko la Kitale, na makoti yake mengi yalitoka kibandani kwangu, kwa hiyo najua ninachosema. Wanaume wengine wakijaribu koti hujitazama kwenye kioo. Fundi hakutaka kioo. Alilivaa, akainamisha kichwa, akapiga gitaa ambalo halipo. Vidole vya kushoto vinapanda na kushuka hewani, mkono wa kulia unakwaruza tumbo. "Koti likigusa nyuzi hilo si koti, ni blanketi," alisema, akalivua na kunirudishia. Wateja walicheka mpaka wakasahau kuniomba nipunguze bei.

Ndivyo tulivyojuana. Siku hiyo nilikuwa nafungua belo la nguo huku naimba nyimbo za kanisani, kama mtu yeyote anavyoimba akiwa na kazi mkononi. Nikamwona mzee ndani ya koti la kijivu anapiga gitaa lake la hewani, na nikaona kwamba nikinyamaza vidole vyake vinatembea, nikiimba vinatulia. Alikuwa ananijibu. Nilipomaliza akaniuliza, "Msichana, Jumapili ukitoka kanisa unafanyanga nini?" Nikamwambia nafua nguo. "Wacha nguo," akasema.

Nikaziacha. Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye bustani ya hoteli moja hapo mjini, nimeshika maiki kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kuku asitoroke. Familia zinakula nyama choma, watoto wanarukaruka mbele yetu, na Fundi nyuma yangu anapiga rumba za zamani na benga. Bendi ilikuwa ndogo, na wengine walikuja na kuondoka. Sisi wawili tulibaki.

Alifundisha kwa matusi ya upole. Ukiongeza madoido mengi kwenye wimbo alikwambia, "Usinijazie nyumba viti, watu watakaa wapi?" Ukichelewa kuingia: "Kumbe ulienda kusalimia nani?" Hakuwahi kuuliza wimbo ni wa nani wala unaanzia sauti gani. "We imba, mimi nitakujibu." Unaimba mstari mmoja, anafumba macho, anabana penseli kwenye shingo ya gitaa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli ili nyuzi zipande zifike sauti yako, na mstari wa pili ukianza yuko nawe kama mliozaliwa pamoja. Nimeimba na wapiga gitaa wengine tangu hapo. Wanakufuata. Fundi alikuwa anakungoja mbele.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa, si bendi yetu ya Jumapili. Alikuwa mpiga gitaa wa kuitwa. Mwimbaji ana wimbo lakini hana mkono wa kuupamba, studio inampigia Fundi simu, Fundi anaenda. Anakaa kwenye kiti, anasikiliza mara moja, anapiga, anaondoka. Leo kwaya ya Injili, kesho mtu wa benga, keshokutwa tangazo la mbegu za mahindi. Simu ikilia tulijua. Anafunga kifungo cha koti, anasema "Studio imeita," na bendi inabaki bila gitaa hata kama ni harusi. Mtu huyohuyo alikuwa anamfokea mpiga ngoma kwa kuchelewa dakika chache! Nilimwambia hivyo siku moja. Akanijibu kwamba mpiga ngoma anachelewa kwa usingizi, yeye anachelewa kwa mwito. Nenda kabishane na mtu kama huyo.

Pombe hakugusa, na maisha yake yote alikula kwa kuwapigia walevi gitaa. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Wakimwuliza inakuwaje, alisema gitaa ni mtumishi, halichagui nyumba ya kufanyia kazi. Tulikuwa tukiurudia msemo huo tukicheka. Siku hizi siurudii.

Kuna siku tulikuwa Bungoma, tumetoka kupiga kwenye harusi, tumeingia hoteli kunywa chai na chapati. Redio ikaweka wimbo wa zamani, ule ambao kila mtu wa rika la mama yangu anaujua. Gitaa lilipoingia katikati, Fundi akainua kidole na kuacha kutafuna. Akamwita mhudumu. "Kijana, ongeza hiyo redio." Kijana akaongeza. "Hiyo mikono unaisikia? Ni hii hapa." Akamwonyesha. Yule kijana akatazama vidole, akatazama koti, akacheka. "Ati wewe? Mzee, wacha hizo bana." Akaenda kuwahadithia wenzake jikoni, tukasikia nao wakicheka.

Fundi hakumaliza chapati yake. Aliniambia ile solo aliitunga mwenyewe, pale pale kwenye kiti, na kwenye santuri wakaandika jina la mwimbaji peke yake. "Mtu akikuibia ng'ombe," alisema, "utamfuata na nyayo. Akikuibia wimbo utamkuta anaucheza mbele yako, na utaambiwa upige makofi." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Niliumia naye. Wallahi niliumia, nikaitukana ile studio ambayo sikuijua mpaka tukafika stendi. Kumbuka maneno hayo, maana ni yeye aliyeyasema, si mimi.

Wala sitaki uondoke hapa ukidhani alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi. Koo langu liliwahi kufunga nikashindwa hata kumwita mteja, na ni Fundi aliyenipeleka hospitali ya misheni Lugulu. Alikaa nami kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari alipouliza maswali, Fundi ndiye aliyenijibia: anaumia wapi, sauti inakatikia wapi, ilianza lini. Daktari akamwuliza kama ni baba yangu. "Mimi ni gitaa yake," akasema, na daktari akaandika tu. Nilikatazwa kuimba kwa muda mrefu, na kila Jumapili mtu huyo alikataa kutafuta mwimbaji mwingine. Walipiga bila sauti ya kuimba. Nikikumbuka hilo nashindwa nimweke wapi.

Sasa nifike kwa mama.

Mama yangu alikuwa anauza ndizi soko la Sirisia. Siku za soko aliondoka kabla hatujaamka vizuri, na akiwa mlangoni alisema maneno yaleyale: uji uko jikoni, ngojeni, nakuja. Tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu mkubwa. Kaka ndiye aliyekoroga uji na kunipa kikombe cha kwanza. Baba hakuwepo, na hayo tuyaache. Mama alipofariki, niliketi jikoni kwake siku ya matanga, na yale maneno yakanijia yakiwa na sauti yake ya kuimba. Sikutunga kwa kalamu. Yalikuja:

Mama ulisema ngojeni, nakuja,
uji uko jikoni, ngojeni, nakuja.
Tumengoja, Mama, uji umepoa.

Fundi alikuwa amekuja kutoka Kitale na gitaa kavu, lile lisilo la umeme, mgongoni. Hakuna aliyemwita. Alikaa na waombolezaji tangu siku ya kwanza, akala walichokula, akalala kwenye majani ya migomba kama jamaa. Siku ya maziko nilisimama kando ya jeneza nikaimba, naye akanijibu kwa gitaa polepole sana, bila kiti hata kimoja cha ziada kwenye nyumba. Kaka yangu, ambaye hakuwa amelia tangu habari ifike, aliketi chini kwenye udongo akalia kama mtoto. Watu wa Sirisia waliuita wimbo wa Mama. Kaka akaniambia tusiuimbe ovyoovyo. Tutauimba tukimkumbuka mama, hapa nyumbani, basi. Nikamwambia ni sawa, na nililimaanisha neno hilo.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa kampeni. Nilikuwa Bungoma mjini kununua mzigo, nikasikia gari la vipaza sauti linakuja kutoka upande wa soko. Kabla ya maneno nilisikia gitaa. Mtu hawezi kukosea mkono ule. Halafu sauti ya mwanamke nisiyemjua, na ngoma, na makofi:

Mheshimiwa alisema ngojeni, nakuja,
lami iko njiani, ngojeni, nakuja!

Vijana wa bodaboda walikuwa wanazunguka gari wakicheza. Kina mama wa mboga walikuwa wanacheza. Mwanamke mmoja alinishika mkono, "Cheza, dada, hii ngoma ni tamu!" Nilisimama na mfuko wangu mtupu nikimzika mama mara ya pili, safari hii kwa vigelegele. Sijawahi kuhisi hivyo na siombi kuhisi tena. Ilikuwa kama mtu ameingia nyumbani kwetu akamvua mama sanda akampa mwanasiasa afungie shingoni.

Na Sirisia nako gari lilifika. Kaka alinipigia simu siku hiyohiyo.

"Umemuuza mama."

"Kaka, si mimi."

"Sasa ni nani? Huo wimbo ni nani alitunga, si ni wewe? Ama mama aliamka akaenda studio?"

"Ni Fundi. Aliubeba bila kuniambia."

"Yule mzee? Aliyelala kwa matanga yetu? Usisingizie mzee wa watu. Kama ulitaka kuwa maarufu ungesema tu."

Akakata. Hapo ndipo alipoacha kuniita dada. Alipojengea kaburi la mama simiti sikuitwa. Nilisikia kwa jirani aliyekuja kununua sweta. Uchaguzi ule ukapita, ukaja mwingine, na mheshimiwa akautumia wimbo uleule, na lami bado iko njiani. Nilituma salamu, zikarudi bila jibu. Niliwatuma wazee, wakaambiwa kwamba mwenye kosa aje mwenyewe na kinywa chake. Mimi sina mama, sina baba, nilikuwa na kaka. Pesa za wimbo sikuzitaka, hata leo sizitaki. Nilitaka Fundi amwambie kaka yangu sentensi moja tu: nilichukua mimi, dada yako hakujua.

Nilimfuata wiki ileile ya kampeni. Nilimkuta kwenye duka la vifaa vya umeme la Sardar mmoja, Mhindi wa kilemba, hapo Kitale, ambako alizoea kutengenezea amplifaya yake. Nilipiga kelele mpaka Sardar akatoka nyuma ya kaunta akaniletea kiti na maji. Fundi hakukana, hilo nampa. Alisema studio ilimwita, watu wa mheshimiwa walitaka kitu cha kugusa moyo, wakamaliza nyimbo zao zote na hakuna kilichogusa. "Vidole vikaenda vyenyewe, msichana. Wakaniuliza huu ni wa nani. Nikawaambia ni wa kienyeji tu, wa watu wa huko."

Wa kienyeji! Kwa watu wa studio hilo ni neno la kufungulia mlango. Wimbo ukiitwa wa kienyeji hauna mwenyewe, hauna wa kuulizwa, unaokotwa tu kama kuni msituni. Wapiga gitaa wa kuitwa wanafanya hivyo kila siku, wanatia kipande hiki hapa na kile pale, wanasema ni cha nyumbani. Solo zake mwenyewe zilichukuliwa hivyohivyo, alinihadithia mara ngapi! Nilimwuliza, "Na yule ng'ombe uliyeniambia Bungoma, na nyayo zake?" Akainamisha kichwa. Akasema nimpe muda, atakwenda Sirisia mwenyewe, amweleze kaka ana kwa ana.

Nikampa muda. Wacha mvua iishe, barabara ni mbaya. Wacha nimalize kazi ya studio. Wacha wakati wa kuvuna upite, kaka yako atakuwa shambani. Mambo kama haya si ya simu, msichana. Na kila mara aliongea kwa sauti ile tamu, na kila mara nilimwamini, kwa sababu mtu aliyekaa nawe kwenye benchi la Lugulu unamwamini hata akili ikikataa. Bendi ilikufa. Macho yake yakaanza kufifia, akahamia kwake upande wa Kwanza, nje ya mji wa Kitale, nami nikabaki na kibanda changu. Watu wakiniuliza kwa nini siimbi tena, nawaambia koo.

Mwaka jana, mahindi yakiwa yamekauka shambani, nilimpigia nikamwambia naja na sitoki bila jibu. Akasema karibu, karibu sana.

Nilimkuta sebuleni, amevaa koti, gitaa mapajani, na kina mama wa kwaya wamejaa kwenye viti na mikeka. Anawafundisha. Wakanipokea kwa wimbo, wakanipa chai. "Mwalimu wetu ametuambia wewe ulikuwa mwimbaji wake," mmoja akaniambia, na alivyomtazama yule mzee ungedhani anatazama dirisha la mbinguni. Nikasema nina neno la faragha. Fundi akatikisa kichwa. "Hawa ni watu wangu. Sema tu."

Basi nikasema. "Mzee, nataka umwambie kaka yangu ukweli kuhusu ule wimbo. Leo."

"Mpigie," akasema.

Haraka hivyo! Moyo uliruka. Nikatafuta namba. Nikaweka sauti ya nje ili mimi nami nisikie kwa masikio yangu nikisafishwa. Kaka akapokea, nikamwambia kuna mtu anataka kuongea naye, nikamwekea Fundi simu karibu na mdomo.

"Kijana wangu, ni mimi, yule mzee wa gitaa. Nilikuja kumzika mama, unanikumbuka?"

"Nakukumbuka, mzee wangu." Sauti ya kaka ilikuwa imezeeka.

"Sasa dada yako yuko hapa kwangu, amekuja na machozi." Sikuwa na chozi hata moja. "Hilo jambo la wimbo limenisumbua moyo. Sikiza. Mtu akifiwa huwa hajui anafanya nini. Dada yako alinipa ule wimbo, mimi nikaupeleka studio. Mimi ndio mkubwa, ningekataa. Kwa hivyo ukitaka kulaumu, laumu mzee. Lakini yeye msamehe. Ni damu yako hiyo, bana."

"Amina," wakasema kina mama. Mmoja alijifuta macho kwa leso.

Nilifungua kinywa. Sentensi nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeibeba miaka yote hiyo: mwongo, mzee mwongo wewe. Na kwenye simu nikamsikia kaka yangu analia, kilio kilekile cha kwenye udongo.

"Dada," akasema. "Dada, si ungekiri tu tangu zamani? Yangeisha. Mimi nilikuwa nangoja tu ukiri."

Alikuwa ameniita dada. Chumba kizima kilikuwa kinaningoja. Ningesema hapana, angekata simu, na safari hii asingepokea tena mpaka mmoja wetu azikwe.

"Nisamehe, kaka," nikasema.

Kina mama wakapiga vigelegele. Fundi aliupapasa mkono wangu akaushika, uso wake umejaa furaha ya kweli. "Si nilikwambia nitalitengeneza?" Niliinama sikioni kwake, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi nilikupa?" Akanigeuzia macho yake yenye ukungu, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuwa anaigiza. Alishangaa kweli.

"Kwani si uliimba mbele yangu?"

Nilimchukia kuliko siku ile ya gari la vipaza sauti. Nikaaga, wakanisindikiza mpaka barabarani wakiimba.

Krismasi nilienda Sirisia. Kaka alichinja kuku wawili, akanionyesha kaburi la mama na simiti yake, akawaita watoto wake waje kumsalimia shangazi. Kabla ya kula alisimama kuomba. Akamshukuru Mungu kwa chakula, kwa mvua, na kwa dada yetu aliyekuwa amepotea akatubu kosa lake. Watu wote wakasema amina. Nami nikasema amina, nikanyoosha mkono nikamega ugali.